Barua ya wazi kuhusu uzamiaji Mafia: oksijeni, hewa ya mitungi na maboya kabla kaskazi haijaingia

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi; Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu; Mhifadhi wa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia; Mkuu wa Wilaya na Mganga Mkuu wa Wilaya ya Mafia; na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Waheshimiwa,

Sisi ni waongoza wazamiaji, manahodha na mafundi wa kompresa (mashine za kujaza mitungi hewa) wa Ghuba ya Chole. Tunawaandikia hadharani na kwa pamoja kwa sababu jambo hili limegawanyika mikononi mwenu: bahari ni ya huyu, hospitali ni ya yule, uokoaji ni wa mwingine. Mgonjwa akiwa amelala kwenye sakafu ya boti, migawanyo hiyo haimsaidii.

Hifadhi ya Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ina kilomita za mraba 822. Watu huvuka nusu ya dunia kuja kuzamia Mlango wa Kinasi na Milimani kwa sababu mwamba bado una uhai na chini ya maji hakuna msongamano. Upweke huohuo ndio hatari. Kisiwani hakuna chemba ya mgandamizo ya kutibu wazamiaji, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Mambo yakienda mrama hapa, msaada wa saa ya kwanza, ya pili na ya tatu ni ule tu uliokwisha wekwa kisiwani kabla ya ajali. Tunaomba kuwepo kwake kuwe sharti la leseni, badala ya kuachiwa hiari ya kila mwenye boti.

Tuanze na oksijeni.

Mzamiaji akiwa mita 20 chini anavuta hewa yenye mgandamizo mara tatu ya huku juu, na naitrojeni iliyomo inayeyuka ndani ya damu, minofu na mafuta ya mwili. Inahitaji muda kutoka. Akipanda kwa kasi inayopita mita 9 au 10 kwa dakika, au akiruka kituo cha kusubiri cha dakika 3 kwenye mita 5, gesi inafanya viputo mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji, na hata aliyefuata kila kanuni anaweza kupatwa, hasa akiwa na upungufu wa maji mwilini au amezamia siku kadhaa mfululizo. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 6 za mwanzo: maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyotulia kwa kukandwa, ganzi, kizunguzungu, uchovu usioelezeka, ngozi yenye mabaka ya zambarau. Dalili moja inayopitwa kwa urahisi ni mtu kushindwa kukojoa. Anaona aibu kusema, anakunywa maji zaidi, na wakati huo uti wa mgongo unaendelea kuumia.

Huduma ya kwanza ni oksijeni safi, asilimia 100 au karibu kabisa na hapo, mara moja, mgonjwa akiwa amelala chali. Si hewa ya mtungi wa kuzamia, ambayo watu wengi huiita oksijeni ilhali asilimia 79 hivi ni naitrojeni ileile iliyomuumiza. Barakoa iwe ya kubana uso, yenye mfuko wa akiba, na mtiririko uwe lita 10 hadi 15 kwa dakika. Mfuko ukinywea kabisa kila mgonjwa anapovuta pumzi, mtiririko hautoshi. Ukibaki nusu, unatosha. Kama yuko macho sawasawa na hatapiki, anywe maji kidogo kidogo, nusu lita hadi lita moja. Asirudishwe majini kwa nia ya kumponya. Kompyuta yake ya kuzamia isafiri naye, kwa kuwa daktari atahitaji kuona kina na dakika.

Sasa hesabu. Kiasi cha gesi ni lita za mtungi mara mgandamizo wake. Mtungi mdogo wa lita 2 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 200 una lita 400. Kwa lita 15 kwa dakika unaisha baada ya dakika 26. Kutoka Kinasi hadi kijiji cha Utende kwa boti ya mashine ndogo ni dakika 20 hadi 30, kwa hiyo mgonjwa anafika ufukweni oksijeni ikiwa imeisha au inaishia. Bado kuna kilomita 14 hivi za barabara hadi Kilindoni penye uwanja wa ndege, kusubiri ndege, nusu saa au zaidi angani, kisha foleni za Dar es Salaam. Hata pasiwe na dakika moja ya kusubiri, ni zaidi ya saa 2. Na kusubiri kupo siku zote, kwa kuwa ndege yenyewe mara nyingi lazima kwanza itoke Dar kuja.

Kwa hiyo tunaomba kiwango hiki kiandikwe kwenye masharti ya kibali. Kila boti inayobeba wazamiaji iwe na mtungi wa oksijeni usiopungua lita 5, yaani lita 1,000 za gesi au dakika 66 kwa mtiririko wa juu. Utende pawe na akiba ya pamoja ya mitungi miwili ya lita 10, ambayo ni saa 4 na dakika 26. Pawe pia na vali ya kuvuta, ile inayotoa gesi mgonjwa anapovuta pumzi tu, kwa sababu mtu mzima aliyetulia hutumia pungufu ya lita 15 na muda unarefuka. Kila mtungi uwe na kadi ya tarehe na mgandamizo, ikaguliwe kila Jumatatu. Mtungi wa oksijeni ulioachwa na vali imelegea hujimaliza polepole bila mlio, na hilo linagunduliwa siku ya shida.

Kwa Mganga Mkuu tuna neno la ziada. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani ni msaada mkubwa wodini, lakini nyingi hutoa lita 5 hadi 10 kwa dakika, tena oksijeni isiyofika asilimia 100, na umeme ukikatika inazima. Kwa mzamiaji aliyeumia haichukui nafasi ya mtungi. Tunaomba hospitali ya Kilindoni iweke pembeni mitungi ya ugonjwa huu, pamoja na maelekezo ya ukurasa mmoja yaliyobandikwa ukutani, ili daktari mgeni wa zamu ya usiku asianze kuutafuta ugonjwa huu kwenye simu.

Usafiri wa mgonjwa nao una siri yake. Ndege ndogo za Mafia hazishindiliwi hewa ndani, kwa hiyo inapopanda, mgandamizo unapungua na viputo vinavimba. Rubani lazima aombwe kuruka chini ya mita 300 njia nzima. Sehemu kubwa ya safari ni juu ya bahari na delta ya Rufiji, ardhi tambarare, kwa hiyo hali ya hewa ikiwa nzuri inawezekana. Lakini ombi hilo linahitaji makubaliano ya awali kati ya mashirika ya ndege na mamlaka za anga. Haliwezi kujadiliwa kwenye simu mgonjwa akiwa uwanjani. Na jua likizama, ndege za ratiba zimekwisha ondoka. Hapo njia iliyobaki ni bahari hadi bandari ya Nyamisati upande wa bara na gari kwenda Dar, ambayo ina faida moja: mgonjwa hapandi juu kama kwenye ndege. Tunaomba karatasi moja iliyosainiwa na ofisi zenu zote: nani anapigiwa simu kwanza, nani anaidhinisha boti ya usiku, gari gani linasubiri Nyamisati, chemba gani imethibitishwa kuwa inafanya kazi mwezi huo, na malipo yanadhaminiwa na nani. Chemba ya karibu ikiwa imeharibika, afadhali tuambiwe asubuhi kabla boti hazijatoka kuliko kugundua jioni.

Tunataka pia kuwasemea watu ambao hawatawaandikia ninyi barua. Kuvua kwa mitungi ya hewa ni kosa kisheria, nasi tunaunga mkono katazo hilo. Hata hivyo wapo vijana wa pwani yetu, bara na visiwani, wanaoshuka kwa mitungi kutafuta majongoo bahari, bila kompyuta, bila kituo, mtungi baada ya mtungi siku nzima. Wapo waliopooza miguu, wapo waliokufa. Mwingine anayeanza kuhisi ganzi anafichwa nyumbani, anakandwa kwa maji ya moto, anasubiriwa apone, kwa hofu ya kukamatwa. Saa za matibabu zinapita hivyo. Tunaomba itangazwe wazi katika visiwa vya Jibondo, Juani, Chole na Bwejuu kwamba anayefika kituo cha afya na dalili hizi anatibiwa kwanza bila kuulizwa mtungi aliupata wapi, na kwamba akiba ya oksijeni ya Utende ni yake kama ilivyo ya mgeni wa hoteli.

Kuhusu ndege za kurudi nyumbani, kanuni inayokubalika duniani ni hii: baada ya kuzamia mara moja tu, subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa, saa 18. Ukiwa ulilazimika kufanya vituo vya lazima wakati wa kupanda, zaidi sana, saa 24 kwenda juu. Wageni wengi hudhani ndege ndogo haihusiki kwa kuwa inaruka chini, lakini kanuni inaanza kazi pale ndege inapovuka mita 600. Mzamiaji wa siku kadhaa aliyetoka majini saa kumi jioni asipande ndege kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Ndege ya saa mbili haimfai, hata kama tiketi imelipwa. Dawa ya hili haina gharama. Wageni wote hupita lango la hifadhi na kupewa risiti, basi risiti ibebe mstari wa kujaza saa ya mwisho ya kutoka majini, na wakata tiketi wa Kilindoni wauangalie. Mgeni atabishana na mwongoza wazamiaji, ambaye anategemea bakshishi yake. Risiti yenye mhuri wa serikali ni vigumu kubishana nayo.

Sasa hewa yenyewe ya mitungi, jambo ambalo haliongelewi kwa sababu halionekani.

Kompresa hunyonya hewa ya karibu yake na kuishindilia hadi bar 200 au zaidi. Chochote kilichomo kinaingia. Kinachoua ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi inayotoka kwenye ekzosi. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni, pamoja na sehemu 500 za kaboni dioksaidi na nusu miligramu ya mafuta kwa mita ya ujazo. Sehemu 20 kwa milioni, ambazo mtu akiwa juu huenda asizihisi kabisa, kwenye mita 30 zina nguvu ya sehemu 80, kwa kuwa mgandamizo ni mara nne. Sumu ikizidi anazirai chini ya maji, na wanaomwona wanaamini amezama.

Hapa Mafia tatizo lina sura ya pekee, na ni muhimu wakaguzi walijue. Fundi anafunga kompresa ya dizeli wakati wa kusi, anaelekeza ekzosi upande upepo unakokwenda na mdomo wa kuvutia hewa upande unakotoka. Kila kitu ni sahihi. Mwezi wa Novemba kaskazi inaingia, upepo unageuka, na sasa moshi wa ekzosi unarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa hewa. Hakuna aliyegusa bomba lolote. Ukaguzi wa Julai utaipitisha mashine hiyo, na Desemba, msimu wa wageni wengi, itakuwa inajaza sumu. Ndiyo maana tunataka ukaguzi mara mbili kwa mwaka, mmoja kila upepo, na mdomo wa hewa upandishwe kwa bomba mita 3 au zaidi juu ya paa, mbali na maegesho ya magari na jiko la kuni. Wanaotumia mota ya umeme nao wasijione salama. Kompresa ikichemka kupita kiasi, mafuta yake yenyewe huungua ndani na kutoa sumu hiyohiyo.

Filta ni sehemu ya pili. Ndani yake mna tabaka la kunyonya unyevu, mkaa wa kunyonya harufu na mafuta, na tabaka la kemikali inayoigeuza monoksidi kuwa kaboni dioksaidi. Tabaka hilo la mwisho likilowa halifanyi kazi tena. Kiwanda huandika maisha ya filta kwa joto la nyuzi 20, ilhali hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu hubeba maji karibu mara mbili ya hiyo. Filta iliyoandikwa saa 50 hapa haifiki 30. Anayehesabu kwa kitabu cha kiwanda anawapa watu hewa isiyochujwa kwa karibu nusu ya muda. Tunaomba daftari la saa za kompresa liwe sharti la kibali, pamoja na kifaa cha mkononi cha kupima monoksidi. Kupima ni kazi ya dakika moja: unafungua vali taratibu ndani ya mfuko safi wa plastiki wenye kifaa, unasubiri namba itulie. Mtungi mmoja katika kila mkupuo wa kujaza unatosha kuanzia. Shirika la Viwango lishirikishwe ili vipimo vikamilifu, vya mafuta na unyevu, vifanyike angalau kila miezi mitatu.

Mitungi yenyewe ikaguliwe ndani kila mwaka na kupimwa kwa maji ya mgandamizo kila miaka 5, tarehe igongwe begani. Mitungi ya aluminiamu ya kabla ya mwaka 1990 iondolewe kabisa, maana mingine ilitengenezwa kwa mchanganyiko unaopata nyufa shingoni.

Tuje kwenye maji. Ghuba ya Chole hujaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita 4 wakati wa bamvua, siku za maji makubwa kabisa, na maji hayo mengi hupita kwenye milango michache, Kinasi ukiwa mkubwa. Katika saa 6 za kujaa, saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu ya maji yote. Wazamiaji wanapaswa kuingia Kinasi maji yakijaa, ambapo maji safi ya bahari kuu yanaingia ghubani na anayechukuliwa na mkondo anachukuliwa kuelekea nyumbani, na wawe wametoka kabla hayajageuka. Yakipwa, maji ya tope yanatoka ghubani, mwanga unapotea, na mkondo unawapeleka nje. Kwa mita moja kwa sekunde, mtu anasafiri mita 600 ndani ya dakika 10, na hakuna anayeogelea dhidi ya kasi hiyo akiwa na mtungi mgongoni. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya kusi hakionekani mbali.

Haya wote tunayajua. Yanayoharibika ni ratiba. Mgeni kachelewa kula, lori la mitungi limechelewa, boti inatoka dakika 40 baada ya muda, na nahodha anaona haya kusema safari ya Kinasi imekufa, twendeni ndani ya ghuba. Tunaomba hifadhi itoe kalenda ya kila mwezi inayotaja, kwa kila siku, dirisha la kuzamia Kinasi na siku za bamvua ambazo wanaojifunza hawaruhusiwi kabisa. Kalenda hiyo nahodha ataishika mkononi na kusema imekatazwa. Hewa nayo ihesabiwe wazi kabla ya kushuka: mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Ukiacha bar 50 za akiba zinabaki 1,800. Kwenye mita 20, anayevuta lita 20 kwa dakika huku juu atavuta 60, yaani dakika 30 na si zaidi. Mwoga au anayepambana na mkondo hafiki 20.

Kila mzamiaji, si kiongozi peke yake, awe na boya lake la kujipulizia la rangi ya chungwa, lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, filimbi na kioo. Kikundi kikigawanyika ni yule asiye na boya anayepotea.

Na redio. Redio ya mkononi ya VHF huenda upeo wa macho tu. Ukiwa umekaa ndani ya boti haifiki Dar, na boti kwa boti ni kilomita chache. Lakini antena ya mita 20 ikisimamishwa Utende itasikia boti ndogo zilizo umbali wa kilomita 20 hivi, ambazo zinatosha kwa ghuba yote na mwamba wa nje. Anahitajika mtu wa zamu kusikiliza chaneli 16, ile ya dharura, muda wote boti zikiwa nje, mwenye simu ya moja kwa moja ya kituo cha uratibu wa uokoaji majini kilichopo Dar es Salaam. Boti zitoe taarifa ya kuondoka na ya kurudi. Ambayo haijarudi nusu saa baada ya muda wake, msako uanze bila kusubiri tajiri wa boti apatikane.

Mwisho wa maombi makubwa ni maboya ya kufungia. Hapa tunazungumzia uhai wa mwamba, ambao bila huo haya mengine yote hayana kazi. Matumbawe magumu ya mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Jiwe la tumbawe lenye kimo cha mita moja lilianza kabla ya babu zetu kuzaliwa, na nanga moja iliyoburutwa na upepo inalivunja asubuhi moja. Boti za wanaoogelea juu na miwani zinatia nanga mara nyingi kuliko za wazamiaji, tena mahali pa kina kifupi penye matumbawe ya matawi, kwa hiyo mpango usizihusu za wazamiaji peke yake.

Boya zuri huanzia chini. Penye mchanga au kifusi, jiwe la zege linafaa, ila likumbukwe kuwa majini linapoteza uzito: mita moja ya ujazo yenye kilo 2,400 nchi kavu inabaki na kilo 1,400 hivi. Mapipa ya mafuta yaliyojazwa zege, ambayo watu hupenda kwa urahisi wake, ni madogo mno. Siku ya upepo yanaburutika na kuufyeka mwamba kuliko nanga yenyewe. Penye mwamba mgumu uliokufa, kitobolewe kishimo cha sentimita 45, iingizwe pini ya chuma kisichoshika kutu na kushindiliwa saruji. Haichukui nafasi, na ikifungwa vizuri inashika kuliko jiwe. Kamwe isitobolewe kwenye tumbawe lililo hai.

Kosa la kawaida zaidi ni urefu wa kamba. Ikipimwa wakati wa maji mafu, siku za maji madogo, itakuwa fupi: bamvua la kwanza likijaa, boya linazamishwa, au boti inaling'oa jiwe kila wimbi linapoinua. Ikiwekwa ndefu bila akili, maji yakipwa inalala chini na kusugua matumbawe duara zima kila siku. Ipimwe kwa kina cha bamvua iliyojaa, iongezwe mita 2, kisha kiboya kidogo kifungwe kwenye kamba mita 3 au 4 kutoka chini ili kuiinua maji yanapopwa. Minyororo isitumike chini, maana inasaga. Kamba zisiungwe kwa fundo, linalopunguza nguvu kwa karibu nusu, bali zisukwe, kazi ambayo mafundi wa mashua wa Jibondo na Chole wanaijua vizuri. Pingu za kuungia zikazwe kisha pini zifungwe kwa waya zisijifungue. Wala kisichanganywe chuma kisichoshika kutu na kile kilichopakwa zinki, kwa kuwa kwenye maji ya chumvi kimoja humla mwenzake. Kamba inayoelea isitumike juu, pangaboi litaikata.

Boya lisilokaguliwa ni baya kuliko kutokuwa na boya, kwani nahodha analiamini. Liangaliwe kila miezi mitatu na kila baada ya upepo mkali, sehemu ya juu ya kamba ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Boti moja kwa boya, zisifungwe ubavuni mbili mbili. Na kazi hii wapewe vijana wa vijiji kupitia kamati zao, kwa mkataba wa kulipwa kwa kila boya linaloelea salama mwisho wa robo mwaka. Maboya yaliyowekwa na wageni na kuachwa hukatwa kamba usiku, kwa kuwa kamba nzuri ina bei. Boya ambalo mtoto wa kijiji analipwa kulitunza litakuwa na mlinzi.

Kuhusu joto la bahari tutasema machache. Mwaka 1998 maji ya moto yaliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na dunia iliingia tena kwenye mpauko mkubwa wa matumbawe mwaka 2023. Maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja kwa wiki nne au zaidi, matumbawe huanza kupauka. Kila mzamiaji ana kompyuta inayopima joto. Hifadhi ikiweka daftari moja la namba hizo, na vipima joto vichache vya kudumu kwenye mita 5 na mita 15, itajua mapema. Matumbawe yakishapauka, maeneo ya kina kifupi yapumzishwe kwa wanaojifunza hadi rangi irudi, maana tumbawe lililodhoofika halihimili hata vumbi la mapezi.

Fedha zipo mahali pa kuanzia. Wageni wanalipa ada ya hifadhi kila siku. Tunaomba sehemu ya ada hiyo itengwe na kutangazwa kwa ajili ya oksijeni, antena na maboya, na matumizi yabandikwe langoni Utende ambako mlipaji atayaona. Wenye boti na hoteli nao wabebe ya kwao: mtungi wa boti, kifaa cha monoksidi na maboya ya kujipulizia ni gharama zao, na sisi tunaofanya kazi kwao tumekubali kusimamia daftari.

Kwa mpangilio wa utekelezaji, oksijeni na karatasi ya usafiri wa mgonjwa zitangulie, ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa hazihitaji ujenzi. Kupima hewa kuanze Novemba upepo ukigeuka. Maboya yawekwe Februari, katikati ya utulivu wa kaskazi, kabla kusi haijarudi kuuchafua mwamba wa nje. Tupo tayari kukutana nanyi Utende siku yoyote ya maji mafu, tukiwa na mitungi, vipimo na kamba, ili kila ofisi ione na kugusa inachoombwa kukisaini.

Wenu katika kazi,

Waongoza wazamiaji, manahodha na mafundi wa kompresa,
Ghuba ya Chole, Mafia